Kabla ya kuuliza bei, uliza meli imeandaliwa kwa ajili ya nani

Ikifika Januari, kampuni za meli hapa Uingereza humwaga matangazo. Televisheni, mabasi, barua pepe, kote unaambiwa habari za usiku 7 Norway na punguzo linaloisha Jumapili. Huu ndio msimu wao wa mavuno. Ndio wakati pia ambao ndugu zetu tunaoishi nao huku, baada ya miaka mingi ya kutumia kila likizo kwenda nyumbani, huanza kuulizana kama mwaka huu wajaribu meli. Mimi naishi Southampton, mji ambao meli hizi hufunga gati wiki baada ya wiki, kwa hiyo maswali hunifikia. Karibu kila anayeuliza huanza na bei. Kwa maoni yangu bei ni ya kuangaliwa mwisho. La kwanza ni kujua meli uliyoiona kwenye tangazo iliandaliwa kwa ajili ya abiria gani.

Meli kadhaa kubwa zinazoonekana Southampton majira ya joto ni za kampuni za Marekani. Ni meli nzuri, watoto wanazipenda, michezo imejaa mpaka juu ya sitaha. Lakini desturi zake ni za Marekani. Ukinunua soda, hesabu inafanywa kwa dola. Bahshishi ya wahudumu mara nyingi inaongezwa kwenye akaunti yako kila siku, na kwa kawaida inazidi dola 15 kwa kichwa, mkubwa kwa mtoto. Chukua familia ya watu wanne kwa usiku 7: hapo ni dola 420 na ushee ambazo hazikuandikwa kwa maandishi makubwa kwenye tangazo.

Linganisha na P&O Cruises, kampuni ambayo abiria wake wengi sana ni Waingereza. Bei ni za pauni, ndani na nje ya meli. Tangu 2019 waliondoa bahshishi ya kila siku, gharama hiyo imo ndani ya nauli. Kwenye kabini unakuta birika la umeme, vikombe na majani ya chai. Wapo wanaosema birika ni jambo dogo mno kumfanya mtu achague meli. Mimi nasema anayeamka saa kumi na moja alfajiri, iwe kwa sala au kwa mazoea, na kutaka chai kabla ya kusema na mtu, anajua thamani yake. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayokufanya ujisikie umekaribishwa kwa siku saba mfululizo.

Kwa msomaji wa pwani, jina la P&O lina historia ndefu. British India, kampuni ya meli iliyojulikana na wazee wetu, iliungana na P&O mwaka 1914. Meli zake Karanja na Kampala zilikuwa zikipita kati ya Bombay na bandari zetu, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, hadi kusini mwa Afrika. Meli zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilibeba abiria kati ya London na Afrika Mashariki. Baadaye meli ya Uganda ikafanywa ya safari za wanafunzi, na mwaka 1982 ikatumika kama hospitali katika vita vya Falklands. Meli zile zilikuwa na madaraja. Katika Karanja na Kampala walikuwapo wenye vyumba vyao na walikuwapo abiria wa kulala sitahani. Ukipanda tu, ulijua meli ilijengwa ikimfikiria nani. Leo madaraja hayaonekani wazi hivyo, ndiyo maana inabidi uulize.

Kuna swali moja ambalo sijawahi kuliona likijibiwa vizuri kwenye matangazo ya Kiingereza, nalo linatuhusu wengi wetu: je, unakunywa pombe? Marella, kampuni ya meli ya shirika la utalii la TUI, inapendwa sana hapa kwa kuwa nauli yake inajumlisha karibu kila kitu, pamoja na vinywaji na bahshishi. Kwa mpenda bia hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini familia isiyokunywa inaingia kwenye hesabu ileile, na inawalipia jirani zake glasi zao. Familia kama hiyo ipime kwanza nauli ya kampuni inayouza vinywaji nje ya nauli, kama P&O au Fred. Olsen, kisha ijumlishe juisi na soda zake. Na kuhusu nyama ya halali, usitosheke na neno la wakala kwenye simu. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa amana, upate jibu kwa maandishi, kwa sababu meli hupakia vyakula bandarini na ikishang'oa nanga hakuna duka la kukimbilia.

Hata hivyo sitaki kuidharau Marella. Ina jambo moja ambalo P&O kutoka Southampton haiwezi kukupa: inakupeleka kwa ndege. Unapanda Manchester, Birmingham au Newcastle na jioni uko Palma, Hispania, kwenye jua. Kutoka Southampton hadi kusini mwa Hispania ni siku mbili au tatu za maji matupu, na katikati kuna Ghuba ya Biscay, ambayo ikichafuka haimjali mtu. Kama mwenzako huchafukwa na moyo hata kwenye kivuko cha Likoni, mhurumie. Msafirishe kwa ndege, au mchukulie kabini ya katikati ya meli kwenye sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo.

Anayeishi kaskazini ana njia nyingine pia. Fred. Olsen ni kampuni ya ukoo wa Norway, lakini makao yake ya safari hizi yako Ipswich na meli zake zimezoea Waingereza kabisa. Bolette, Borealis na Balmoral hubeba abiria kama elfu moja na mia tatu hivi, wakati Iona ya P&O hubeba zaidi ya 5,000. Tofauti hiyo utaiona kwenye foleni ya kushuka bandarini asubuhi. Meli hizi ndogo huondoka pia Liverpool, Newcastle, Dover na Rosyth karibu na Edinburgh. Ambassador, kampuni iliyoanza safari mwaka 2022 kutoka Tilbury, nayo hupita bandari za mikoani. Mtu wa Leeds au Glasgow anayeendesha gari usiku kucha kuja Southampton, kisha akalipia maegesho ya wiki nzima, amechoka na amepungukiwa hata kabla meli haijaondoka. Ingekuwa amri yangu, kila familia ingeanza na ramani ya bandari zilizo karibu na nyumbani.

MSC, kampuni nyingine ya meli, hukosolewa na Waingereza wengi kwa sababu matangazo ya kipaza sauti ndani ya meli, hasa kwenye safari za Mediterania, hutolewa kwa lugha kadhaa, na abiria hupandia bandari tofauti. Mimi kwa hilo siwaungi mkono wakosoaji. Sisi tumekulia barazani mwenye lugha tatu kwa mazungumzo mamoja, na kuwasikia Waitaliano wakibishana mezani ni sehemu ya raha ya safari.

Sasa niseme jambo ambalo makala za Waingereza hazilisemi, kwa sababu halimhusu mwenye pasipoti ya Uingereza. Ukiwa na ruhusa ya kudumu ya kuishi hapa lakini pasipoti yako bado ni ya Kenya au Tanzania, safari ya Norway inataka viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maana Norway imo ndani ya Schengen ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Visiwa vya Canary ni Hispania, viza ni ileile. Meli ikigusa Hispania, ikaenda Tangier na kurudi tena Hispania, unahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Hata safari inayoitwa ya kuzunguka visiwa vya Uingereza ikitia nanga Dublin au Cobh, hiyo ni Ireland, ina viza yake. Usijiambie kwamba utabaki melini wengine wakishuka. Karatasi hukaguliwa kabla ya kupanda, na asiye nazo huachwa gatini, nauli yake ikiwa imekwenda. Omba miadi ya viza mapema, kabla ya kulipa kiasi kisichorudishwa. Naona uchungu kila ninaposikia familia iliyojua haya siku ya kuondoka, watoto wakiwa na mabegi mkononi.

Cunard je? Watu wetu huiogopa wakidhani ni ya mabwana na mabibi tu. Naamini ingewafaa wengi kuliko wanavyofikiri. Ni kampuni ya Southampton yenye mizizi tangu 1840, na Queen Mary 2, iliyoanza mwaka 2004, ndiyo inayovuka Atlantiki hadi New York kwa usiku 7. Kuna usiku wa mavazi rasmi, suti nyeusi na magauni marefu, na vazi rasmi la taifa linakubalika. Sisi tunaojua kuvaa kwa ajili ya harusi, wanaume kwa kanzu na koti, wanawake wakiwa wamependeza toka kichwani hadi miguuni, tungekuwa pale bila wasiwasi wowote. Ila ujue fedha ya ndani ni dola ya Marekani, na mwenye pasipoti ya kwetu anahitaji viza ya Marekani kwa safari ya New York.

Wazazi wetu waliozeekea huku ndio ninaowafikiria zaidi. Kuna mama ninaowafahamu waliofanya kazi usiku kwenye wodi za hospitali miaka thelathini na hawajawahi kupumzika mahali ambapo mtu mwingine anawapikia. Kwao msichague meli ya watu 5,000 kwa sababu ina mabomba ya kuteleza majini. Arcadia na Aurora za P&O hazichukui watoto. Saga imeandaliwa kwa waliotimiza miaka 50 na kuendelea. Meli zake mbili, Spirit of Discovery na Spirit of Adventure, hazizidi abiria 1,000 kila moja, na kabini zote zina roshani. Nauli ni kubwa, sitaficha. Lakini imejumlisha bima ya safari, na gari linakuja kumchukua mzee mlangoni kwake ikiwa anaishi ndani ya umbali waliouweka.

Hiyo bima ndiyo inayonifanya niiheshimu nauli ile. Zahanati ya melini ni ya kulipia, NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, haikufuati huko, na kadi ya afya inayotumika katika hospitali za serikali za Ulaya haimlipi daktari wa meli. Mzee mwenye presha au kisukari akizidiwa baharini, anaweza kuhitaji kuchukuliwa kwa helikopta. Kwa kampuni nyingine zote, nunua bima iliyoandikwa wazi kwamba inahusu safari za meli, na utaje kila ugonjwa na kila dawa anayotumia. Kaa naye mezani na vifurushi vyake vya vidonge, mjaze fomu pamoja.