Risasi ya kuchagua kwa bunduki ya bloku inayoshuka: hoja ya ukingo

Mjadala kuhusu risasi inayofaa bunduki ya risasi moja yenye bloku inayoshuka huanzia karibu kila mara kwenye uimara. Mtu anatazama kipande kizito cha chuma kikipanda na kushuka nyuma ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi. Anakumbuka kwamba muundo huu una historia ndefu: Sharps ya 1848, Farquharson ya 1872, Winchester 1885 iliyotokana na kazi ya John Browning, hadi Ruger No. 1 iliyoingia sokoni 1967. Kisha anahitimisha kwamba bunduki imara namna hii inastahili risasi kali kuliko zote. Kuhusu uimara yuko sahihi, kwani Ruger No. 1 imetengenezwa kwa .375 H&H na .458 Winchester Magnum, na bloku yake inazimudu. Kasoro iko kwenye hitimisho. Kufunga chemba ni kazi moja na kulitoa ganda lililokwisha kupigwa ni kazi nyingine, na bunduki hii ni hodari zaidi katika ile ya kwanza.

Wanaotetea risasi za kisasa zisizo na ukingo, yaani zisizo na duara lililochomoza kuzunguka kitako cha ganda, kama .308, .30-06, 6.5 Creedmoor na jamaa zake, wana hoja nzito. Risasi hizo zinapatikana kirahisi kuliko nyingine, bei yake ni nafuu, na aina za vichwa, yaani vile vipande vinavyoruka kutoka mtutuni, hazihesabiki. Wanaojijazia risasi wenyewe hupata maganda bila kusubiri. Creedmoor imebuniwa kwa vichwa virefu vyembamba, na mitutu yake huwa na mzunguko wa haraka, duru moja kwa inchi 8, unaovituliza vichwa hivyo hewani. Kwa anayepiga shabaha mita 400 na kuendelea, hakuna risasi ya zamani yenye ukingo inayomkaribia. Wanasema pia kwamba kivuta ganda cha Ruger kilibuniwa tangu mwanzo kikiwa na ukucha wa springi unaoingia kwenye mfereji wa ganda lisilo na ukingo, na kwamba maelfu ya bunduki hizo zinafanya kazi bila malalamiko. Hilo nalo ni kweli, mradi risasi ni za kiwandani, chemba ni safi na hali ya hewa ni ya kawaida.

Shida inajitokeza mojawapo ya masharti hayo matatu linapokosekana, na hapo ndipo upande wa pili unapoeleweka vibaya. Wengi hudhani mtu anayetaka risasi yenye ukingo, kama 9.3x74R au .303, anapenda tu mambo ya kale. Sababu yake ni ya kimakanika.

Baruti inapowaka, presha hulivimbisha ganda la shaba hadi likagandamana na kuta za chemba, na kwa njia hiyo gesi huzuiwa isirudi nyuma. Chuma cha chemba nacho hutanuka, kwa kiasi kidogo mno, kisha hurudi pale pale kilipokuwa. Presha ikiwa ya wastani, shaba hunywea zaidi ya chuma kinavyorudi, na ganda hubaki limelegea. Presha ikipanda sana, shaba huvuka kiwango chake cha kunepa, hainywei vya kutosha, na chuma kinaporudi hulibana. Kwenye bunduki ya bolti, inayofungwa na chuma cha mviringo chenye mkono wa kunyanyua na kuvuta, tatizo hilo humalizwa na mteremko uliochongwa kwenye fremu: mkono wa bolti ukinyanyuliwa, bolti husukumwa nyuma kwa nguvu kubwa katika milimita chache za mwanzo, na ganda hung'oka kabla mpigaji hajaanza kuvuta. Bloku inayoshuka haina msaada wa kiasi hicho. Wenzo hushusha bloku kwanza, halafu karibu na mwisho wa mwendo ndipo kivuta ganda husukumwa, nacho hushika kitako cha ganda upande mmoja tu.

Ganda lenye ukingo linaponata, kivuta ganda kina mahali papana pa kushika. Ukingo umechomoza nje ya mwili wa ganda, kivuta ganda chenyewe kinaweza kuwa kipande kinene kisicho na springi, na mpigaji anaweza kuubonyeza wenzo kwa nguvu zake zote. Kwa ganda lisilo na ukingo, ukucha lazima uwe mwembamba na uweze kunepa ili ulipite ganda linapoingia, kisha urudi na kushika ndani ya mfereji. Ukilazimishwa, ukucha ule ule ulionepa wakati wa kuingia hunepa tena na kuteleza juu ya kitako cha ganda. Bloku iko chini, wenzo uko chini, ganda liko ndani. Linalobaki ni kupitisha fimbo ya kusafishia mtutu kutoka mdomoni na kuligonga ganda litoke, kazi isiyofanyika mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Magazini hakuna, kwa hiyo kukwama kwa ganda moja kumeiondoa bunduki yote kazini.

Joto huzidisha hatari hii. Baruti nyingi hutoa presha kubwa zaidi zikiwa moto, na risasi iliyotoka vizuri asubuhi yaweza kunata adhuhuri baada ya kukaa juani au ndani ya gari lililofungwa. Kwenye bunduki ya bolti, mpigaji angehisi mkono umekuwa mgumu kidogo, akaendelea. Kwenye bloku inayoshuka, tofauti hiyo ndogo ndiyo mpaka kati ya ganda linaloruka nje na ganda lisilosogea.

Kuna kasoro ya pili ya presha kubwa ambayo wachache huitaja, nayo iko kwenye fataki, kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachogongwa na pini ili kuwasha baruti. Bloku hushuka ikiteleza kwenye kitako cha ganda, kwa hiyo chochote kilichochomoza pale huikwaza. Presha ikizidi, chuma laini cha fataki husukumwa ndani ya tundu la pini na kuacha kijimlima chenye kingo. Pini ikisharudi, kijimlima hicho hubaki kimeingia tunduni, na bloku haishuki mpaka kikatwe kwa nguvu ya wenzo. Ndiyo maana mafundi bunduki wanaotengeneza Winchester 1885 za zamani huweka bushi mpya usoni mwa bloku na kulipunguza tundu pamoja na pini yake kabla ya kuruhusu risasi yoyote ya kisasa. Wanaojijazia risasi nao wana wajibu hapa: fataki lazima iingie chini kidogo ya usawa wa kitako, kwani iliyochomoza hukwanguliwa na bloku inapopanda, na hilo ni hatari.

Mfano unaoonyesha vizuri faida ya presha ya wastani ni risasi mbili za milimita 9.3. 9.3x62 ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya bunduki za bolti. 9.3x74R, yenye ukingo, ni ya bunduki za kukunjika na za risasi moja. Zote mbili hurusha kichwa cha gramu 18.5 kwa mwendo unaokaribiana sana, mita 700 na ushei kwa sekunde. Lakini kiwango cha juu cha presha kilichowekwa na C.I.P., tume ya kimataifa ya viwango vya silaha na risasi, ni bari 3,900 kwa 9.3x62 na bari 3,400 kwa 9.3x74R. Bari 500 zimepungua na mnyama hana tofauti atakayoijua. Kilicholipa tofauti hiyo ni urefu wa ganda: milimita 74 badala ya 62, na risasi nzima inakaribia milimita 95. Kwenye bolti, urefu huo unadai magazini ndefu, fremu ndefu na mwendo mrefu wa mkono. Kwenye bloku inayoshuka haudai chochote, kwa kuwa risasi inawekwa kwa vidole moja kwa moja chembani. Ganda lenyewe limechongoka taratibu kutoka kitako hadi bega, yaani pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingo, kiasi kwamba likisogea nyuma milimita moja tu tayari limeachana na kuta. Umbo la namna hii linaisamehe bunduki isiyo na nguvu kubwa ya kung'oa.

Faida nyingine huenda pamoja na hiyo. Kwa kuwa hakuna bolti wala magazini, fremu ni fupi kwa takriban sentimita 10, na bunduki yenye mtutu wa sentimita 66 inalingana kwa urefu na ya bolti yenye mtutu wa 56. Kila sentimita 2.5 ya mtutu huongeza kwa kawaida mita 6 hadi 9 kwa sekunde, kutegemea risasi. Risasi ya wastani hurudishiwa hapo sehemu nzuri ya mwendo iliyoukosa kwenye presha, bila shaba kuteswa.

Ukingo una udhaifu wake pia. Risasi yenye ukingo husimamishwa na ukingo wenyewe, haisimamishwi na bega, na jambo hilo limewapa watengenezaji wengi ruhusa ya kuchonga chemba zenye nafasi kubwa mbele ya bega. Chemba nyingi za .303 zinajulikana kwa hilo. Ganda hupigwa mbele, hurefuka juu kidogo ya kitako, na mjazaji akilirudisha bega nyuma kila mara, baada ya mizunguko michache ganda hukatika hapo na nusu ya mbele hubaki ndani. Dawa ni kurekebisha kifaa cha kurudishia umbo ili bega lisogee kiasi tu cha bloku kufunga bila kulazimishwa, yaani kulichukulia ganda lenye ukingo kana kwamba halina. Kisha kuna suala la upatikanaji, na hapo hakuna jibu la kuficha: anayetegemea kununua risasi popote anapofika hana sababu ya kujifunga na 9.3x74R.

.45-70 hutajwa mara nyingi kama suluhisho, na kwa upande wa kutoka kwa ganda haina mpinzani: ganda karibu limenyooka, ukingo mpana, na kikomo cha presha cha Marekani ni pauni 28,000 tu kwa inchi ya mraba, kwa heshima ya bunduki za Springfield za 1873. Kasoro ni njia ya risasi. Kichwa cha greni 405 kwa mwendo wa kawaida, bunduki ikiwa imelengeshwa mita 100, huwa kimeshuka zaidi ya nusu mita kifikapo mita 200. Wanaoijaza kwa nguvu zaidi kwa ajili ya Ruger wahakikishe risasi hizo haziwezi kuingia kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya kale ya kaliba hiyo hiyo.

Kwa wanyama wadogo, .22 Hornet inatosha, ingawa uwekaji wake chembani huwasumbua wenye vidole vinene. Kwa wanyama wa kati ndani ya mita 250, 7x57R, .303 au .30-40 Krag. Kwa wakubwa, 9.3x74R, na juu yake .450/400 ya inchi 3, ambayo Ruger iliwahi kuitengenezea No. 1. Anayelazimika kubaki bila ukingo aanze na 7x57: Marekani imeiwekea kikomo cha pauni 51,000, wakati .30-06 ina 60,000 na .308 ina 62,000, na ganda lake limechongoka vya kutosha.

Mwenye .30-06 tayari hana haja ya kuiuza. Aachane na risasi zilizoandikwa kwamba zina mwendo wa ziada, na mifuko ya risasi iwekwe kivulini. Springi ya kivuta ganda isafishwe mabaki ya baruti na vumbi, na ukucha ukaguliwe kama kingo yake bado ni kali. Chemba ioshwe na kukaushwa kabisa. Kuipaka mafuta ili ganda litoke kirahisi ni kosa, kwani ganda lililolainishwa halishiki kuta na mzigo wote wa presha huhamia kwenye bloku. Maganda yaliyojazwa upya yarudishwe umbo kwa urefu wake wote, na kila moja lijaribiwe chembani kabla ya kujazwa: wenzo ufunge kwa kidole kimoja, na ganda litoke kwa kidole hicho hicho. Lisilotimiza hilo likiwa tupu na baridi lisipelekwe mawindoni.