Asilimia 41: picha ya sinapsi inapima nini hasa?

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha wagonjwa 10 wenye Alzheimer ya hatua za mwanzo na watu 11 wenye kumbukumbu nzima. Alama ya sinapsi, yaani maungio ambako seli za ubongo hupashana ujumbe, ilikuwa chini kwa asilimia 41 katika hipokampasi za wagonjwa, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu. Tangu hapo wapo wanaosema sasa tunahesabu sinapsi za mtu aliye hai. Kuhesabu ni neno kubwa mno.

Kinachopimwa ni SV2A, protini ya vifuko vinavyohifadhi kemikali za mawasiliano upande wa sinapsi unaotuma ujumbe. Mgonjwa hudungwa UCB-J, kemikali inayoing'ang'ania protini hiyo, ikiwa na kaboni-11 yenye mnururisho; mashine ya PET, inayopiga picha ya mnururisho ndani ya mwili, husoma imejikusanya wapi.

Wanaoitetea picha hii wana hoja nzito. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake, wakichunguza bongo za marehemu, walionyesha kwamba kudorora kwa akili kunaendana zaidi na upungufu wa sinapsi kuliko na mabaka ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wenye Alzheimer. Kuna wazee wenye mabaka tele ambao bado wanapiga hesabu za duka bila kukosea. Dawa ikiyafuta, PET ya amiloidi haitakuambia sinapsi zina hali gani.

Sasa turudi kwenye ile 41. PET huona vitu vya milimita kadhaa; sinapsi haifiki hata mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Hipokampasi ikisinyaa, ishara yake huchanganyika na ya maji ya ubongo yaliyo jirani, namba ikashuka hata kama tishu iliyobaki haijapoteza kitu. Yale walirekebisha kwa kutumia MRI, picha ya sumaku inayoonyesha umbo la ubongo: pengo likapungua, halikwisha. Kwa hiyo matokeo yanasimama, ila ripoti isiyosema kama marekebisho hayo yalifanywa mimi siisomi mara mbili.

Mtego wa pili ni levetirasetamu, dawa ya kifafa inayojishika kwenye SV2A ileile. Aliyeimeza ataonekana ameishiwa sinapsi, na kifafa si kigeni kwa wagonjwa wa Alzheimer. Orodha ya dawa ikaguliwe kabla ya sindano. Tena vifuko vikipungua ndani ya sinapsi iliyopo, namba hushuka vilevile. Upande unaopokea ujumbe haupimwi kabisa.

Mnururisho wa kaboni-11 hubaki nusu kila dakika 20, hivyo saiklotroni, mashine inayoitengeneza kaboni hiyo, lazima iwe palepale. SynVesT-1, kemikali nyingine inayoishika SV2A, ina florini-18 ambayo hubaki nusu kila dakika 110 hivi, hivyo inaweza kusafirishwa.

Kumpimia mtu mmoja ugonjwa kwa namba hii ni mapema: hata eneo la ubongo linaloanzisha kifafa huonyesha SV2A pungufu. Mahali pake ni majaribio ya dawa, mtu yuleyule kabla na baada, kwenye mashine ileile. Hapo napo pana kazi: dawa za kuondoa amiloidi kama lecanemab zimeonekana kupunguza ujazo wa ubongo, kwa hiyo kila PET inaporudiwa MRI nayo ipigwe upya. Ile ya mwaka jana haifai.