Shangazi, Choo cha Gikomba na Saratani Isiyo na Haraka

Vyoo vya kulipia vya soko la Gikomba, Nairobi, havina siri. Ukipita mara tatu kwa siku, kijana anayekusanya pesa mlangoni anakukariri. Ukipita mara kumi, anaanza kukuulizia watoto. Shangazi yangu, muuza mitumba ya watoto, alipita mara kumi na zaidi kwa karibu miaka minne. Shilingi kumi, shilingi kumi. Siku mbaya pesa ya choo ilishinda ya chakula cha mchana, na akirudi kibandani anakuta mteja amekwisha kuhamia kwa jirani.

Miaka hiyo minne alitibiwa amiba, akatibiwa taifodi mara tatu, akatibiwa vidonda vya tumbo, na mwishowe akaambiwa ana mawazo mengi. Mwenye kemisti ya mtaani alifika mahali hata haulizi. Akimwona tu anavuta droo ya Flagyl. Halafu kulikuwa na lile joto. Lilikuwa likipanda shingoni hadi usoni, linakaa dakika chache, linaondoka. Lilimjia akila pilipili, au askari wa kanjo wakitokea. "Huo ni umri, mama," akaambiwa kwenye zahanati moja. Alikuwa na miaka 51. Nani angebisha?

Hapo nina neno na vitabu vya udaktari. Vinasema mgonjwa wa namna hii hupata wekundu usoni. Wekundu huo uliandikwa na mtu aliyekuwa akitazama mashavu ya Mzungu. Kwenye ngozi ya shangazi hapakuwa na wekundu; palikuwa na moto aliousikia yeye peke yake, nasi tuliokaa naye meza moja hatukuona kitu. Daktari anayesubiri uso ugeuke nyanya ndipo ashtuke, hapa Nairobi atasubiri sana.

Alichokuwa nacho ni uvimbe wa nyuroendokrini wa utumbo mwembamba, uliokwisha kufika kwenye ini. Jina ni refu lakini jambo lenyewe halina ugumu. Mwilini kuna seli zilizotawanyika tumboni, kwenye mapafu, kwenye kongosho na kwingineko, ambazo kazi yake ni kupokea ujumbe na kutoa homoni. Seli hizo zikigeuka kuwa saratani, baadhi yake haziachi kazi. Zinaendelea kumwaga homoni bila kutumwa na mtu. Zikiwa za utumbo mara nyingi humwaga serotonini, na ini likiwa zima huivunja kabla haijaenda mbali. Saratani ikishajenga ndani ya ini lenyewe, serotonini inapita moja kwa moja kwenye damu: tumbo linaharisha, uso unawaka, kifua kinabana, na miaka ikipita hata vali za upande wa kulia wa moyo hukakamaa. Zikiwa za kongosho zinaweza kumwaga insulini, mtu akaonekana mlevi kabla ya chai ya asubuhi kwa sababu sukari imeshuka.

Na nyingi hukua polepole. Huo ndio mtego wake. Mwaka 1907 Mjerumani Siegfried Oberndorfer alipoona vivimbe hivi utumbo mwembamba, alivipa jina lenye maana ya "vinavyofanana na saratani", akidhani havina madhara. Baadaye, mwaka 1929, mwenyewe alikiri kwamba vinaweza kuua. Jina lilibaki, na ule upole wa jina ukabaki nao. Steve Jobs, mwanzilishi wa Apple, aligunduliwa na uvimbe wa aina hii kwenye kongosho mwaka 2003 akafariki 2011, ilhali saratani ya kongosho ile ya kawaida huwa haimpi mtu hata nusu ya muda huo. Mashabiki wa sinema za Kihindi nao wanamkumbuka Irrfan Khan, aliyetangaza ugonjwa wake Machi 2018 na kuaga Aprili 2020. Jina la ugonjwa ni moja, mwendo ni tofauti kabisa. Kinachotenganisha mwendo huo na mwingine ndicho kimenifanya niandike leo.

Eskani ya tumbo ndiyo iliyomfumania shangazi: ini lilikuwa na madoa. Akachomwa sindano, kikatolewa kipande cha nyama, ripoti ikarudi baada ya wiki tatu. Saratani iliyosambaa, ilisema, chanzo hakijulikani. Hospitali, ambayo sitaitaja, ikampangia kemo kali aanze Jumatatu. Tulianza mchango. Kundi la WhatsApp lilikuwa limefika watu 140 na mwenyekiti amekwisha kupatikana, maana sisi hata msiba haujafika tuna mwenyekiti.

Aliyetuokoa ni binamu yangu, muuguzi, kwa swali moja: "Hiyo nyama ilipakwa rangi gani?"

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza. Kipande cha nyama huhifadhiwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kinapakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Rangi ya kawaida inaonyesha umbo la seli. Ziko rangi nyingine zinazobeba kingamwili, ambazo hushika tu pale zinapokuta protini fulani: kromogranini, sinaptofisini. Zikishika, unajua seli ni za ukoo wa nyuroendokrini. Kisha kuna Ki-67, inayohesabu ni seli ngapi katika mia ziko mbioni kugawanyika. Chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 ni la pili, juu ya 20 ni la tatu.

Tukaomba bloku ya nta, tukaipeleka maabara nyingine. Kromogranini ikashika. Ki-67 ya shangazi ilikuwa 2.

Kemo ya Jumatatu haikufanyika. Ile kali haina kazi kubwa kwa seli zilizolala namna hiyo. Akapelekwa kupima mkojo wa saa 24, kipimo kinachotafuta mabaki ya serotonini, na siku zile akakatazwa ndizi, nanasi na parachichi kwa sababu huharibu hesabu. Alibeba mtungi wake kwenye matatu kutoka Umoja. Makanga akamuuliza kama hiyo ni juisi ya miwa. Majibu aliyompa siyaandiki hapa.

Sasa kuhusu dawa, na hapa ndipo dunia imepiga hatua ambazo mimi nazistaajabia. Hadithi inaanzia kwenye bongo za kondoo. Mwaka 1973 kundi la Roger Guillemin huko Marekani, likichunguza ubongo wa kondoo, lilipata somatostatini, homoni ambayo kazi yake ni kuziambia homoni nyingine zinyamaze. (Wala supu ya kichwa wa soko la Burma, mpo?) Guillemin alipata Nobel mwaka 1977, yeye na wenzake wawili. Shida ni kwamba somatostatini yenyewe haidumu kwenye damu hata dakika chache. Wanakemia wakatengeneza pacha wake anayedumu, oktreotaidi, akaruhusiwa Marekani mwaka 1988. Leo iko ile ya kuchomwa kila baada ya siku 28. Shangazi alipochomwa ya pili, kijana wa chooni alimtafuta kibandani kumuuliza kama amegombana nao.

Ilidhaniwa kwa muda kwamba dawa hiyo inatuliza dalili tu. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2009, PROMID, likaonyesha inachelewesha uvimbe wenyewe: miezi 14.3 kabla ya ugonjwa kusonga, dhidi ya miezi 6 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Watu 85 tu. Katika ugonjwa adimu huwezi kudharau watu 85.

Halafu wanasayansi wakaja na wazo ambalo nikilisikia mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Kama seli hizi zina vipokezi vinavyoidaka dawa hii, kwa nini tusiifungie dawa mzigo? Wafunge galiamu-68, chembe yenye mnururisho mdogo, na picha ya PET, ile inayoonyesha mnururisho ulipojikusanya mwilini, itawaka pale uvimbe ulipo. Ukishaona unapodakia, wabadilishe mzigo, waweke lutetiamu-177, ambayo mnururisho wake unasafiri milimita mbili hivi basi. Barua ni ile ile, anwani ni ile ile, kilichobadilika ni kilichomo ndani ya bahasha. Katika jaribio la NETTER-1, lenye wagonjwa 229, baada ya miezi 20 ugonjwa ulikuwa bado umesimama kwa asilimia 65.2 ya waliopata lutetiamu, dhidi ya asilimia 10.8 ya waliopewa oktreotaidi ya dozi kubwa. Ulaya iliruhusu tiba hiyo 2017, Marekani Januari 2018. Nisitie chumvi: hesabu ya mwisho ya umri wa kuishi ilikuwa miezi 48 dhidi ya 36.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa ushindi, ingawa zaidi ya theluthi moja ya kundi la pili nao walikuja kupewa tiba ya mnururisho baadaye. Mwaka 2024 NETTER-2 ikaonyesha kwamba hata wenye daraja la pili la juu na la tatu, wakianza nayo mapema, hupata miezi 22.8 kabla ya ugonjwa kusonga, badala ya 8.5. Vidonge navyo vipo, everolimasi na wenzake, na Machi 2025 Marekani ikaongeza kabozantinibu.

Kwa hiyo ukisikia wanasiasa wetu wakizungumza saratani, utasikia mashine. Na mashine tunazo. Kahawa, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna PET na siklotroni, mtambo wa kutengeneza chembe zenye mnururisho, na wagonjwa waliokuwa wakipanda ndege kwenda India kwa picha moja sasa wanapanda matatu. Sibezi hata kidogo. Lakini PET ya kawaida humpa mgonjwa sukari yenye mnururisho na kutazama inapoliwa kwa pupa. Uvimbe wa daraja la kwanza hauna pupa. Unaweza kulipia picha hiyo, ukaambiwa uko safi, na kumbe mgeni wako amekaa kwenye ini akila taratibu. Ile ya galiamu ndiyo inayomwona, nayo galiamu-68 hupungua nusu kila dakika 68, hivyo huwezi kuiagiza kutoka ng'ambo kama belo ya mitumba; lazima itolewe papo hapo hospitalini.

Nani anaamua mgonjwa huyu apigwe picha ipi? Nani anaamua kama ni kemo, au sindano ya siku 28, au lutetiamu? Ni yule mtu wa hadubini, na rangi zake. Barabara yote ya maendeleo niliyoieleza hapo juu ina mlango mmoja, nao ni kipande cha nyama kilichopakwa rangi sahihi. Pale ndipo tunapofanya ubahili. Rangi hizo mara nyingi mgonjwa hulipia mfukoni, zikiombwa. Kama bajeti ya saratani ingekuwa mkononi mwangu, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ingelipia kromogranini, sinaptofisini na Ki-67 kwa kila uvimbe wa ini usiojulikana chanzo, bila mgonjwa kuomba ruhusa ya mtu, na ingelipa kabla ya shilingi moja ya kemo kutoka. Kifurushi cha saratani kina kikomo chake kwa mwaka, kwa familia nzima. Kukimaliza kwa dawa isiyofaa ni kumnyima mtu mara mbili.

Najua jibu nitakalopewa: ugonjwa ni adimu. Duniani wagonjwa wake wamejichagulia alama ya punda milia, kwa sababu madaktari wa Ulaya na Marekani hufundishwa kwamba ukisikia kwato, fikiria farasi, si punda milia. Huo ni usemi wa mtu anayeishi kwenye farasi. Mimi farasi nawaona Ngong siku ya mashindano. Punda milia nawaona Kitengela nikienda kumsalimia dada. Na huko Marekani kwenyewe, mwaka 1973 walihesabu mgonjwa 1.09 kwa kila watu 100,000; mwaka 2012 wakahesabu 6.98. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni kwamba walijifunza kutazama.

Shangazi bado anauza. Sindano yake ni kila Alhamisi ya nne, na siku hiyo hafungui belo. Ile bloku ya nta tulikataa kuirudisha. Iko kwa mama, ndani ya bahasha, kwenye kabati la vyombo vya wageni, mbali na jiko kwa sababu nta huyeyuka. Watoto wameonywa kwamba atakayeigusa atalala njaa. Ikija dawa mpya mwaka ujao, au aktiniamu-225, chembe nyingine ya mnururisho ambayo sasa inajaribiwa mahali pa lutetiamu, jambo la kwanza tutakalobeba ni hiyo bahasha.