DNA si ya kumtafuta baba tu

Daktari alipotamka "kipimo cha vinasaba", shangazi aliinama akaninong'oneza, "DNA? Kwani nani kamkana mtoto?" Sikumcheka. Kwetu, ukisikia DNA unawaza Mkemia Mkuu na wazazi wanaogombana.

Mgonjwa ni mjomba wangu, analima zabibu Hombolo, Dodoma. Miezi kadhaa alilalamika ubavu wa kushoto umejaa, matonge mawili tu ya ugali ameshiba, usiku jasho linalowesha shuka. Dawa za malaria alimeza mara tatu. Kumbe bandama lilikuwa limevimba hadi unaligusa kwa kiganja. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilizidi laki mbili, mahali ambapo mtu mzima huwa na elfu nne hadi kumi na moja.

Wengine wakaanza kuulaumu ukoo wa mama, bure. Ilikuwa saratani ya damu, aina iitwayo CML, na aina hii hairithiwi. Ndani ya uboho wa mtu mwenyewe, kipande cha kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) ya 9 na cha 22 hubadilishana nafasi, ikazaliwa jeni BCR-ABL inayoamuru chembe zizaane bila breki. Kromosomu ya 22, inayobaki fupi baada ya hapo, iligunduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1960, ikabaki na jina la mji. Dawa inayoilenga, imatinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni vidonge vya kumeza nyumbani, basi. Lakini daktari lazima kwanza ajue kama jeni ipo, maana zipo saratani za damu nyingine zinazotaka tiba tofauti kabisa.

Ndiyo maana naudhika kipimo hiki kikiitwa cha anasa. Na hakipimwi mara moja: akishaanza dawa, kila miezi mitatu hivi hupimwa tena kuona kama jeni inapungua. Mjomba alielekezwa Dar es Salaam. Treni ya SGR imefupisha safari, kweli, ila nauli ni nauli, na mwenyeji wa kukulaza humpati kila mara. Kwa nini asafiri mtu badala ya kichupa cha damu? Tena GeneXpert, mashine ileile ya kupimia makohozi ya kifua kikuu, imeshatengenezewa katriji, yaani vikasha vya kuwekea sampuli, za kupima BCR-ABL. Mimi ningeanza na katriji hizo kwenye hospitali za mikoa, kabla ya kununua mashine nyingine yoyote ya kukatiwa utepe.

Kipimo chake cha kwanza cha kufuatilia kiliangukia wiki ya kuvuna. Zabibu zikiiva hazisubiri. Hakwenda.