"Considering": kitenzi au kihusishi?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kirumba, Mwanza, aliandika: "Considering the moonlight, the catch was good." Yaani, ukizingatia mbalamwezi, dagaa waliopatikana si haba. Aliyewahi kukesha mwaloni anamwelewa: mwezi ukiwaka, taa haiwavuti dagaa ipasavyo, na wavuvi wengi hupumzika. Mwalimu mwenzangu akaipiga mkasi. Kwake yeye, neno lenye -ing mwanzoni mwa sentensi ni patisipo, yaani umbo la kitenzi linaloeleza anachofanya mtu au kitu fulani, na patisipo lazima iwe na mtenda, ambaye ni kiima. Sasa, ni dagaa waliouzingatia mwezi?

Hoja hiyo siibezi. Ndiyo inayotuepusha na "Walking to Kirumba, the rain started", ambapo mvua ndiyo inayotembea kwa miguu.

Ila "considering" ya kijana haidai mtenda. Kamusi za Kiingereza huiorodhesha pia kama kihusishi, yaani neno la kuonyesha uhusiano kama "after", na wanaisimu Huddleston na Pullum, katika sarufi yao ya Kiingereza ya mwaka 2002, wanaziweka "following" na "regarding" humo humo. "During" nayo ilizaliwa na kitenzi "dure", yaani kudumu. Mzazi kafa zamani, na leo hakuna anayeuliza nani anadumu.

Hata sisi katika Kiswahili tunayo haya. "Kutoka Ukerewe usiku ni hatari": hapo mtu anaondoka, na unaweza kukanusha, "kutotoka". Lakini "dagaa kutoka Ukerewe"? Jaribu kusema "nauza dagaa kutotoka Ukerewe" sokoni uone utakavyotazamwa. Umbo ni lile lile, kazi nyingine.

Kwa hiyo mimi ningemrudishia kijana maksi zake, kisha darasa zima nilipe sentensi mbili. "Following the lamp, the dagaa came up": dagaa wenyewe wanaifuata taa, hiyo ni patisipo. "Following the storm, the market closed": weka "after", maana inabaki pale pale. Mkia wa -ing pekee hauamui kitu.

Mwenzangu hakukubali, akanitolea ya kwake: "Using lamps, dagaa are caught at night." Kwa kanuni yake, dagaa ndio walioshika taa. Kwa yangu, "using" bado ni kitenzi kabisa, na mtenda hayupo popote. Hata hivyo sentensi inaeleweka, na vitabu vya sayansi vimejaa za namna hiyo. Tuliipa nusu maksi.