Portland wamepata diwani wa eneo juzi tu, sisi Tanzania kata tunazo siku zote

Kila nikiongea na mama kipindi cha uchaguzi wa huku swali lake ni lile lile, huyo diwani wenu anakaa wapi? Haulizi chama wala kisomo, anauliza anakaa wapi. Na mimi miaka mingi sikuwa na jibu la maana, kwa sababu hapa Portland, Oregon, madiwani walikuwa wanne pamoja na meya, wote wanachaguliwa na jiji zima, kwa hiyo mtu anaweza kukaa popote anapopenda na bado ni diwani wako. Utaratibu huo ulianza 1913. Tena kila diwani alikuwa anakabidhiwa idara, huyu maji, yule barabara, mwingine zimamoto, yaani mwanasiasa ndo bosi wa mafundi.

Sasa mimi nakaa mashariki, ng'ambo ya barabara ya 82, sehemu kubwa ya huku iliingizwa jijini miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90. Ukipanda basi utasikia Kiswahili cha Wakongo, Kisomali, Kirusi, Kivietnam. Na kuna mitaa mpaka leo haina njia ya waenda kwa miguu, unakuta mama anasukuma kigari cha mtoto kwenye tope huku magari yanampita ubavuni, na hii ni Marekani. Madiwani waliowahi kuishi upande huu katika miaka yote hiyo 100 na zaidi ni wa kuhesabu kwa vidole. Mimi naamini kabisa hayo mambo mawili yanahusiana.

Novemba 2022 wananchi wakapigia kura mabadiliko, asilimia 58 hivi wakakubali. Jiji likagawanywa maeneo manne, kila eneo madiwani watatu, jumla 12, na idara zikawekwa chini ya mtendaji wa kuajiriwa. Kwenye karatasi ya kura unawapanga wagombea kuanzia wa kwanza mpaka wa sita, na anayevuka robo ya kura za eneo anapita, kwa hiyo hata kundi dogo likishikamana linaweza kumuingiza mtu wake. Ratiba nayo ikabadilika, na hili watu hawalizungumzii sana. Zamani kulikuwa na duru ya Mei, ukipata zaidi ya nusu umeshamaliza kazi, wakati Mei wanaopiga kura ni wachache mno ukilinganisha na Novemba. Sasa ni Novemba tu. Sisi wa mashariki na wenzetu wa kaskazini tulichagua 2024 madiwani wa miaka 4, maeneo mengine mawili wakapewa wa miaka 2 ili warudi kwenye kura 2026, kwa hiyo nusu ya baraza inachaguliwa siku ya kura ya rais na nusu haichaguliwi siku hiyo.

Halafu karatasi yenyewe inakufuata nyumbani kwa posta, wiki mbili tatu kabla. Niliiacha mezani, nikawa nikitoka kazini nasoma jina moja moja maana wagombea jiji zima walikuwa zaidi ya 90, nikaja kuidumbukiza kwenye sanduku Jumapili bila haraka. Mwisho ni saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Nikakumbuka foleni ya kwetu Temeke, Dar es Salaam, kituo kinafunguliwa saa 1 asubuhi na saa 10 jioni kimefungwa, konda wa daladala akapige kura saa ngapi jamani? Na ukifika unapewa karatasi tatu, rais, mbunge, diwani, na hiyo ya diwani wengi tunaitia tiki kwa kufuata chama, jina hata hatulisomi.

Hapo ndo roho inaniuma. Diwani wa kwetu nilikuwa namkuta msibani, tunakaa mkeka mmoja, namuuliza mtaro wa maji ya mvua umefikia wapi. Huku eneo moja lina watu kama 160,000, mkeka huo haupo. Lakini diwani wetu nguvu yake ni ndogo, mkurugenzi wa halmashauri anayeshika mafungu anateuliwa na Rais, na kura yenyewe ndo hivyo, serikali za mitaa 2019 wagombea kibao wa upinzani walienguliwa na wenyeviti wakapita bila kupingwa, na 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nikakaa siku kadhaa sijui kama mama yuko salama.

Huku nako sio kwamba wote wameamka. Hiyo 2024 mashariki ndo tulijitokeza wachache kuliko maeneo mengine yote, sisi tuliosubiri muda mrefu kuliko wote. Niligonga kwa majirani zangu Wakongo wenye uraia, wengine bahasha hawajaifungua, walidhani ni matangazo ya biashara. Tulikaa tukazisoma pamoja mpaka usiku.

Mama alipouliza safari hii nikamwambia wako watatu na sheria inawataka wakae huku huku kwetu. Akanyamaza kidogo. Akasema, sasa mtaro ukiziba unampigia nani kati ya hao watatu? Nikamwambia wote mama, nawaandikia wote.