Utungu, Woga na Chumba cha Kuzalia

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa ili mtu aingie ndani hatua kwa hatua: daka la mlangoni, kiwanda (yaani uwanja wa katikati ya nyumba), misana (vyumba virefu vinavyouelekea uwanja huo), ndani (chumba cha faragha), na mwisho wake nyumba ya kati, chumba chembamba ambamo wanawake wa mji walijifungulia na ambamo pia maiti walitayarishwa kwa mazishi. Mtu wa leo hushangaa kwamba mzazi alifichwa kwenye giza namna ile. Lakini elimu ya homoni imewafanya wengi wakitazame chumba kile kwa jicho jingine, na hapo ndipo unapoanza mjadala ambao kila familia yenye mja mzito visiwani imewahi kuushiriki: je, mahali pa kuzalia hubadilisha utungu wenyewe, au haya ni maneno ya kuwarudisha wanawake kwa wakunga wa jadi?

Wanaosema mahali hubadilisha utungu wana hoja nzito. Homoni inayokaza mfuko wa uzazi, oksitosini, hutengenezwa ubongoni. Kichwa cha mtoto kinaposhuka na kukandamiza mlango wa kizazi, ubongo hupata habari na kuizidisha homoni hiyo, hivyo kila mkazo huuita mwenzake. Mwingereza Henry Dale alionyesha mwaka 1906 kwamba maji ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hukaza mfuko wa uzazi, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud aliiunda homoni yenyewe katika maabara, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Mwanamke akiingiwa na woga mapema katika utungu, mwili humwaga adrenalini, ambayo huupeleka mwili katika hali ya kukimbia hatari na huweza kuilegeza mikazo ya uzazi. Melatonini, homoni ya usingizi inayoongezeka gizani, nayo imeonekana kushirikiana na oksitosini katika misuli ya mfuko huo, na hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini wanawake wengi hushikwa na utungu usiku.

Mwaka uliopita nilimsindikiza binti wa dada yangu hospitalini. Nyumbani mikazo ilikuwa ikimjia kila baada ya dakika nne. Tulipofika alilazwa chini ya taa nyeupe, kati ya wazazi wawili waliokuwa wakilia, mlango ukifunguliwa na kufungwa na watu asiowajua, na mimi nikaambiwa nisubiri nje. Baada ya saa mbili aliniita dirishani: “Khalati, utungu umenitoroka.” Jioni aliingia muuguzi wa zamu ya usiku, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikamwambia ni mama yake mdogo. “Ingia basi, mama,” alisema, “ila macho yako yawe kwa mzazi wako tu.” Aliizima taa ya juu ya kitanda kile, akafunga leso yangu kwenye kamba baina ya vitanda, akanionyesha mahali pa kumkanda kiunoni. Binti alishuka kitandani, akasimama akiwa amenishika mabega. Haikupita saa moja mikazo ikarudi kwa nguvu, na kabla ya usiku wa manane mtoto alikuwa kifuani pake.

Kisa kimoja hakithibitishi jambo, kwani utungu wa mwanzo huweza kupoa na kurejea wenyewe. Ushahidi mzito uko kwingine. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2017, yakijumuisha majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mwanamke anayekaa na mtu wa kumtuliza mfululizo huelekea kuzaa kwa njia ya kawaida zaidi, utungu wake huwa mfupi kiasi, na hupungukiwa na uwezekano wa kupasuliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na mwandani anayemchagua mwenyewe. Kuhusu giza na ukimya, ushahidi ni mchache zaidi, na baadhi yake umetoka kwa panya waliosumbuliwa maabara. Anayeinukuu hoja hiyo kana kwamba imekwisha kuamuliwa anazidisha chumvi.

Tena kuna ubaya katika kuzidisha huko, na ndio unaonikera zaidi. Nyonga ikiwa nyembamba kwa mtoto, mtoto akilala vibaya tumboni, au mama akishikwa na kifafa cha mimba, hakuna taa ya kuzimwa itakayofaa kitu. Mwanamke aliyepasuliwa halafu akaambiwa kwamba woga wake ndio uliomfunga, amebebeshwa lawama juu ya jeraha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wala haifai wasioujua waugeuze mtihani wa ujasiri.

Na kisa cha binti yetu hakikuishia kifuani pale. Muuguzi alimdunga oksitosini pajani mara tu mtoto alipotoka, kama inavyopasa, na kondo la nyuma likatoka salama. Hata hivyo niliona leso niliyoikunja chini yake ikilowa, kisha shuka. Muuguzi aliushindilia na kuukanda mfuko wa uzazi kwa kiganja, akaita mwenzake, akamtundikia dripu ya homoni ile ile, na damu ikakatika. Damu ya namna hiyo humaliza mtu kwa muda mfupi kuliko safari ya boti kutoka Faza au Kizingitini, vijiji vya kisiwa cha Pate, sembuse maji yakiwa yamepwa usiku. Katika nyumba ya kati, bila shaka wapo walioingia kuzaa wakaoshwa humo humo.

Kwa hiyo simshauri yeyote azalie nyumbani kwa sababu ya homoni. Ninachokikataa ni kule kudhani kwamba usalama umelipiwa kwa kumtenga mwanamke na watu wake. Wauguzi wanaowazuia waandani wana sababu ya kueleweka: wodi ni moja, vitanda vimebanana, na mzazi wa kitanda cha pili hakumwalika shangazi wa mtu kumwona akiwa uchi. Ni ugumu wa nafasi, na pazia huupunguza. Oksitosini ya sindano huhitaji kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kila anayeisimamia wodi ya wazazi anajua kwamba friji haiwezi kukosekana. Katika orodha hiyo hiyo ya vifaa, mstari unaofuata friji, liandikwe pazia la kila kitanda na kiti cha mwandani.